Kiti cha Mzee Hapana

Siku mke wake aliporudi kutoka hospitali akitembea kwa miguu yake mwenyewe, Fundi Makochi aliingia karakanani, akafunga mlango, akapiga magoti katikati ya vipande vya sponji na kumwahidi Mungu kitu. Madaktari walikuwa wamempasua mama wa watu tumbo mara mbili, na kabla ya ile ya pili walishaanza kuzungumza na Fundi kwa sauti ya chini, ile inayomtoa mtu roho. Sasa mama huyo huyo alikuwa jikoni anagombana na mabinti zake pacha kuhusu sufuria iliyoungua. Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema tu kwamba atatoa shukrani kwa kazi ya mikono yake, tena si kazi ya kulipua, na atampa mtu asiye na kitu.

Nafasi ikaja yenyewe. Mchungaji aliomba kila nyumba imchukue mtu mmoja wa kumtembelea na kumtunza. Moyoni Fundi alimtaka bibi kipofu wa karibu na kisima, ambaye ukimpelekea hata kipande cha sabuni anakubariki wewe, wazazi wako na watoto ambao hujawazaa. Bibi alikuwa ameshachukuliwa. Aliyebaki ni Mzee Hapana.

Mzee Hapana aliishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Kiharusi kilimpiga upande mmoja, mkono na mguu, lakini ulimi kiliuacha mzima. Jina hilo alipewa na watu wa kanisa wenyewe, kwa sababu jibu lake lilikuwa moja. Mzee, tukuombee? Hapana. Tukuletee redio? Hapana. Jumapili tuje tukuchukue uende ibadani? Hapana, na ukitoka funga mlango, vumbi linaingia.

"Mungu hakosei anwani," Fundi alimwambia mkewe, akijipa moyo.

"Hakosei," mkewe alisema. "Lakini wewe unaweza kukosea."

Mara ya kwanza alipokwenda, Fundi alimkuta mzee amekaa juu ya kreti tupu la soda, mgongo ukutani, uso umekunjwa. Shikamoo yake haikuitikiwa. Wakati mzee anamlalamikia kelele za mashine, Fundi hakusikiliza hata neno. Jicho lake lilikuwa kwenye lile kreti. Akampima mzee kwa macho, urefu wa paja, upana wa mabega, akaondoka na picha ya kiti kizima kichwani.

Alikitengeneza jioni baada ya jioni, huku kochi la mteja mmoja likisubiri bila mgongo na mteja mwenyewe akipiga simu kutukana kwa adabu. Kilikuwa kiti cha mtu mmoja cha kumfaa hata waziri. Mbao ngumu, spring mpya, kitambaa kizito cha kahawia kisichoonyesha uchafu, na mbawa mbili juu za kuegemeza kichwa. Kwa kuwa mzee alikuwa na mkono mmoja tu wenye nguvu, egemeo la upande mmoja alilifanya refu na gumu, la kujisukumia mtu anapoinuka. Mkewe alipokikalia kukijaribu hakutaka kutoka.

"Hiki hata shetani akikaa ataokoka," alisema.

Kilipelekwa Jumamosi kwa mkokoteni. Fundi alitaka kukipeleka kimya kimya, ila habari zilimfikia Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, naye akaja na kundi zima na nyimbo, simu mkononi. Chumba kilijaa mpaka mlangoni. Mzee alikitazama kiti, akawatazama wao.

"Hapana," alisema.

"Jamani mzee, ni zawadi," Mwenyekiti alisema huku akicheka. "Kaa tu, ujionee."

Wakamshika huku na huku, wakamkalisha. Fundi alimwona akizama kwenye sponji, akasubiri ule uso ulainike, hata kidogo. Mwenyekiti alipiga picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, na katika zote mzee alikuwa na sura ya mtu aliyelishwa dawa chungu kwa nguvu. Wakaimba, wakaomba, wakaondoka. Njiani Fundi alijiambia kwamba watu wengine furaha huwachelewea.

Katikati ya wiki alirudi na chupa ya chai. Mzee alikuwa amekaa juu ya kreti.

"Shikamoo mzee. Kiti kiko wapi?"

"Nimekitoa."

"Umekitoa wapi? Nje?"

"Nimempa mtu."

Fundi alihisi masikio yakipata moto. Aliiweka chupa chini taratibu, maana alikuwa karibu kuirusha. "Mzee, kile kiti nimekitengeneza kwa ajili yako. Nimeacha kazi za watu. Nimekosa usingizi."

"Nilikuomba?"

"Hukuniomba, lakini..."

"Kilikuwa changu au hakikuwa changu?"

"Kilikuwa chako."

"Basi changu nimempa mtu. Au ulikuwa umeniazima?"

 Fundi alitaka kusema kuhusu hospitali, kuhusu magoti yake kwenye vumbi la sponji, kwamba ile ilikuwa shukrani, na shukrani hairudishwi kama bidhaa mbovu. Badala yake akauliza kwa ukali, "Kwani kilikuwa na kasoro gani?"

"Mkono wangu mzima ni upi?" mzee aliuliza.

Fundi alitazama. Mzee aliinua mkono wa kulia, akaupunga mbele ya pua ya Fundi. Wa kushoto ulikuwa umelala pajani.

"Lile gogo lako la kujisukumia umeliweka kushoto. Mlipomaliza kuimba mkafunga mlango, mimi nikabaki humo. Nikataka kuinuka, siwezi. Nikataka kwenda haja, siwezi. Niliita mpaka sauti ikakauka, mashine inanguruma, nani anisikie? Yule mama dobi wa chumba cha pili ndiye aliyekuja kunichomoa, usiku umeshaingia, na nilikuwa nimejilowesha. Akaniosha yeye. Hakuimba."

Fundi akakumbuka alivyokuwa amesimama mbele ya mzee, uso kwa uso, akipima kwa macho. Kulia kwake yeye kulikuwa kushoto kwa mzee. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alitamani ardhi ipasuke, na papo hapo alitamani huyo mzee naye angelisema Jumamosi, mbele ya wote, badala ya hiyo hapana yake isiyo na maelezo.

"Ungeniambia."

"Nilisema hapana. Wewe ulisikia nini?"

 Fundi alitoka, na kwa kuwa hasira ilikuwa bado inamwongoza, akaenda kugonga chumba cha pili.

Mama dobi alimfungulia akiwa na povu mpaka viwikoni. Nguo za watu zilikuwa zimejaa kwenye beseni na kamba. Na katikati ya chumba, kwenye kiti cha kahawia, alikuwa amekaa msichana wa miaka kama minane, shingo laini kama ya mtoto mchanga, miguu myembamba inaning'inia. Mama yake alikuwa amemfunga kifuani kwa shuka kuukuu lililozungushwa mpaka nyuma ya mgongo wa kiti, akakaza fundo kwenye ubawa mmoja, na kitambaa hapo kilikuwa kimeanza kuvutika. Mate yalikuwa yameweka doa kwenye kitambaa cha kiti. Hata hivyo msichana alikuwa anateleza. Kidogo kidogo, upande, kichwa kikilalia ubawa.

"Samahani fundi," mama alisema alipomwona anakodolea lile doa. "Nitakisafisha. Baba hapo jirani alisema nimchukulie mtoto kiti hiki, maana huwa anamsikia akilia sakafuni nikiwa nafua. Nilikataa, akanifokea. Unamjua alivyo."

"Namjua."

"Kama unakitaka, kichukue. Hatuna neno."

Fundi alitazama shuka linavyokivuta kile kitambaa, akasema hapana, hakitaki, na akaondoka bila kuaga vizuri.

Karakanani aligonga misumari kwenye kochi la mteja kana kwamba limemkosea. Akamwambia Mungu yote, tena kwa sauti. Nimefanya. Nimefanya vizuri, hujaniona? Ukanipa mtu asiye na haya, kiti nimekigeuza kushoto kulia, mtoto wa watu anateleza ndani yake kama samaki, na asante hata moja sijasikia. Nilitaka kukushukuru tu. Kwani kukushukuru kugumu hivi?

Mungu hakujibu. Aliyejibu ni mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe. "Mtu asiye na shukrani hivyo," Fundi alimwambia, "hapewi tena kitu."

"Mimi siku zile hospitali," mkewe alisema, "kuna muuguzi nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Alinigeuza tu, akanibadilishia shuka. Jina lake sijui mpaka leo." Akaweka kikombe. "Kunywa, inapoa."

Mwenyekiti alikuja kesho yake, amefura. Alikuwa amesikia. Picha za mzee kitini zilikuwa zimeshawekwa kwenye tangazo kubwa la kuchangisha fedha za huduma ya kanisa, na sasa watu wangekuja kutembelea na kukuta kreti.

"Turudishe kiti kwa Mzee Hapana," alisema. "Hata kwa wiki mbili tu. Yule mama tutamtafutia kitu kingine."

"Kiti ni cha mzee. Amekitoa."

"Kiti ni cha huduma, fundi. Na yule mzee mimi naona tumwache. Asiye na shukrani hapewi tena."

Yalikuwa maneno yake mwenyewe Fundi, yaleyale, na katika kinywa cha mwingine yalinuka. Akazidi kukasirika, safari hii bila kujua anamkasirikia nani.

"Mama, kile kiti hakirudi," alisema. "Kama ni picha, piga ya ukuta."

Mwenyekiti alitoka amekunja uso, na Fundi alijua Jumapili atanuniwa na kwaya nzima. Alikusanya mabaki ya sponji, mkanda mpana wa begi, vifungo, sindano kubwa, mkasi, koleo na msumeno, akavitia kwenye mfuko. Simu ya mteja ililia. Hakuipokea.

Kwa mama dobi alipiga magoti mbele ya kiti kwa shingo upande, kama mtu anayelipa faini. Safari hii aliuliza. Analalia upande upi zaidi? Analishwa akiwa wima au nusu kulala? Kipi kinamuumiza? Mama alijibu kila kitu, mikono ikiendelea kufua, na mara mbili alimsahihisha. Fundi alijaza sponji ngumu pembeni, akashona mikanda ya kifuani na kiunoni, akalikata lile egemeo refu ambalo kwa mtoto lilikuwa kero tupu. Msichana alidaka ncha ya utepe wake wa kupimia na hakutaka kuuachia. Fundi aliuvuta, akavuta tena, akakata tamaa, akamaliza kazi kwa kupima kwa shubiri, akinung'unika. Alipofunga vifungo vya mikanda, kichwa cha mtoto kilibaki katikati. Mama aliacha kufua. Alichuchumaa akimtazama binti yake usoni, wakiwa wamelingana macho, kwa muda mrefu. Fundi akajifanya anatafuta sindano.

Alitakiwa kurudi karakanani. Badala yake alisukuma mlango wa jirani.

"Umeleta nini leo?" mzee aliuliza.

"Sijaleta kitu. Nataka kuuliza." Sauti yake haikuwa ya upole, na hakujaribu kuifanya iwe. "Wewe unataka nini?"

  Mzee aliangalia ukuta, akaangalia mlango, kisha, kwa sauti ndogo iliyojaa hasira, akasema, "Kucha."

"Kucha?"

"Za miguu. Tangu niugue hazijakatwa. Siinami, sifiki. Viatu haviingii. Mnakuja hapa, twende ibadani, twende ibadani. Niende na miguu hii, watu wanitazame?"

Fundi alimvua soksi zake zilizotoboka. Kucha zilikuwa zimejikunja, nene na njano, moja imezama kwenye nyama. Harufu ilimpanda puani, akageuza uso, akameza mate. Mkasi wa vitambaa haukufua dafu. Akatoa koleo lake la kukatia waya za spring, akaliosha kwa maji na sabuni, akauweka mguu wa mzee pajani kwake.

"Polepole wewe!" mzee alifoka kabla hata hajaguswa. "Hiyo ni nyama ya mtu, si sponji."

"Tulia basi."

"Nitulieje na mtu anakuja na vyuma?"

"Ukitikisika nitakata kidole."

"Kata. Kushoto hakuna kinachouma."

"Huu ni wa kulia, mzee."

"Kumbe unaujua."

Walikwenda hivyo, kucha kwa kucha, wakigombana. Jasho lilimtiririka Fundi mgongoni, magoti yakamfa ganzi, simu ikalia tena mfukoni. Ile iliyozama aliilainisha kwa maji ya moto aliyoyaomba kwa mama dobi, na alipoitoa mzee alifumba macho na kumshika bega kwa ule mkono mzima, kwa nguvu, kisha akauondoa haraka kama aliyegusa jiko. Asante haikuja. Fundi alifuta miguu yote miwili kwa kitambaa, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Unakwenda wapi?" mzee alisema, akimnyooshea vidole vya mkono wa kulia. "Na hizi je? Unafikiri nazikata kwa meno?"

Fundi alishusha pumzi, akavuta karibu kreti jingine tupu lililokuwa kwenye kona, akakaa.