Mtawa na Tone la Kwanza la Mvua

Usiku wa jana niliota sauti kwanza: fyu, fyu, fyu. Kisha nikaona ufagio wa sufu nyeupe ukifagia lami, na nyuma yake mtawa wa kike wa Kijaini, dini ya Kihindi isiyodhuru hata mdudu, pekupeku, kitambaa cheupe kimemfunika mdomo.

"Inua mguu, kaka," ufagio ukaniambia. "Umewazibia njia sisimizi."

Nikainua. Sisimizi wakapita. Wa mwisho akaniamkia.

Mtawa alijitaja: Hansaprabha. Alikuwa anamwendea mwalimu wake, mtawa mzee anayekata roho, wapate kusameheana.

"Mvua ikianza hatusafiri miezi minne," alisema, "tusije tukakanyaga vinavyochipuka. Tone la kwanza likinikuta hapa, nakaa hapa."

Juu yetu wingu limeketi, linatazama saa.

"Panda pikipiki yangu, dada!"

"Hatupandi chombo."

"Wala mimi sibebi watawa," pikipiki ikasema, ikajizima.

Hasira zikanipanda. Mimi mshairi, na sikufundishwa na mtu! Nikalitungia wingu ubeti wa matusi. Neno la kwanza likanitoka mdomoni likiwa tone la maji. Ufagio ukalidaka kabla halijagusa chini.

"Kumbe mvua yenyewe ni wewe!" ukafoka.

Mtawa akaweka kitambaa kingine juu ya jiwe. "Hatumpi mwanamume kitu mkononi. Okota, ujifunge mdomo, useme taratibu."

Nikajifunga. Nikalisifu wingu kwa sauti ndogo, huku tukitembea. Barabara inakuwa jiko la mtu, jiko linakuwa ngazi. Wingu linatufuata, limebana pumzi lisidondoshe hata tone.

Juu ya ngazi mtawa mzee amelala mkekani.

"Mwalimu, kama nilikuumiza, nisamehe."

"Nami unisamehe, mwanangu." Akanigeukia. "Ahsante, kijana. Ila ubeti wa tatu umepungua mizani."

Nimepigiwa makofi mengi mimi, lakini ahsante ya namna ile sijawahi kupewa. Sikubisha hata kuhusu mizani. Nikainamisha kichwa, nikamshukuru kwa kunishukuru.

Wingu likapumua.

Nikaamka mvua inanyesha. Sakafuni, sisimizi walikuwa wamepanga mstari, wamebeba uzi wa sufu nyeupe. Kwetu hatuna sufu.

Mama akaingia na birika la maji yanayochemka. "Sogea, Twalibu, niwamalize hawa!"

Nikaruka kutoka kitandani, nikasimama kati ya mama na sisimizi. Kwa uangalifu.

"Rudisha birika, mama. Nitawahamisha mwenyewe, mmoja mmoja, kabla sijagusa chai. Nakuahidi. Wala sitawafokea."