Wifi wa Chuma

Eunice alilisikia lori kabla ya kuliona, na Kewanja nzima ililisikia pamoja naye. Lilikuwa linapanda kutoka barabara kubwa likikohoa, linanyamaza kidogo kama linalofikiria jambo, kisha linakohoa tena. Mama jirani, aliyekuwa anaanika dagaa, hakuinua hata kichwa. Alimwambia tu kwamba wifi yake amefika, aweke chai.

Jina hilo la Wifi halikuokotwa njiani. Eunice alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake walikwenda kwa kaka yake Nashoni, kule Kenyamonta, ng'ambo ya Mto Mara, ili naye aoe. Kwa Wakurya mambo huenda hivyo: dada akitoka, ng'ombe wanaingia, na ng'ombe wale wale wanamleta mke wa kaka. Mke huyo atamheshimu dada yule maisha yake yote, maana bila ng'ombe wake asingekuwepo pale. Sasa Nashoni, kabla hajapata mchumba, akaona lori linauzwa Tarime mjini. Macho yakamtoka. Akaswaga ng'ombe wote mnadani akarudi na lori, akaapa kwamba litamzalia ng'ombe mara mbili ya wale.

Halikumzalia hata ndama. Watu wakasema Nashoni kaoa chuma, na tangu hapo Eunice hakwenda kisimani bila kuulizwa kama wifi yake hajambo, au kama ni kweli wifi kalala njiani tena na mume hana habari.

Alilichukia lile lori. Kila lilipokwama aliona ng'ombe wake wamekaa barabarani wanapata kutu. Lakini ndilo lililompeleka hospitali na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, usukani ukitetemeka, Nashoni akilibembeleza kama mtu anayembembeleza mgonjwa, na likafika. Hilo Eunice hakumwambia mtu. Ila yakipita malori kumi, sauti ya lile aliijua hata akiwa usingizini.

Na leo lilikuwa linakwenda kuachwa.

Waitara, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Kerende, alikubali kulichukua kwa ng'ombe saba. Atalikatakata auze vyuma. Ng'ombe hao Nashoni angewatoa mahari ya Mokami, binti wa Mzee Hezekia, na Mzee Hezekia alikuwa anakuja leo leo Kenyamonta na ndugu zake kuwatazama zizini. Mara ya kwanza walipokuja, walikuta zizi tupu, mwenyewe kakwama na lori njiani. Mzee alisema anamsamehe mara hiyo moja. Siku ya pili akikuta zizi tupu, binti anakwenda kwa yule kijana mwingine mwenye duka, na yeye Mzee hataki kusikia tena jina la Nashoni.

Eunice ilibidi awepo. Mke aliyeletwa kwa ng'ombe wako haachwi mpaka wewe useme, na Waitara, ingawa alicheka, hakutaka kupokea kitu ambacho mwenye ng'ombe hajakiachia kwa kinywa chake.

"Leo limewaka mara moja," Nashoni alimwambia dada yake alipopanda, kwa sauti ya mtu anayeshtaki. "Ufunguo mara moja tu. Tangu lini?"

"Linajua," alisema Eunice.

Kaka yake aliingiza gia. Alikuwa amelifuta vumbi usiku. Hata taa iliyokufa alikuwa ameifuta.

Kule Kerende mambo yalianza kuharibika. Nashoni alitegemea kwamba ng'ombe wameshavushwa mto tangu jana, lakini Waitara hakuwa mtu wa kutoa mnyama kabla hajaona mali uani kwake. Ng'ombe walikuwa wamefungwa pale pale wakitafuna. Kuwaswaga kwa miguu mpaka Kenyamonta kungemaliza siku. Nashoni alishika kichwa. Ikabidi Eunice aseme kile ambacho wote walikuwa wanakiona: lori lenyewe liwabebe, safari ya mwisho, Waitara aende nao, na akabidhiwe huko huko. Dereva wake atamfuata jioni kwa pikipiki.

Waitara alikuwa na tumbo kubwa na viatu vya kung'aa. Alilizunguka lori, akagonga bodi kwa kidole, akauliza kama litafika.

"Litafika," alisema Nashoni. "Ni lini, hapo ndipo sikuambii."

Wakalirudisha kinyumenyume kwenye ukingo wa udongo, wakawapandisha ng'ombe mmoja mmoja, na safari ikaanza. Mlango wa Waitara ulifungwa kwa kamba, na kamba alipewa mwenyewe ashike.

Lilikwenda mwendo wake. Bodaboda zikawapita, na kijana mmoja akapunguza mwendo akaomba kumbeba Nashoni, ili afike mapema akalipokee lori lake. Mama mwenye mzigo wa mihogo kichwani alitembea sambamba nao mwendo mrefu, akimpa Eunice habari za mashamba dirishani, mpaka akachoka kuwasubiri akatangulia. Kisha likaja lori jipya, nalo limejaa ng'ombe, likapiga honi likawapita kwa vumbi. Waitara alilisindikiza kwa macho. Nashoni alilitukana lake kwa Kikurya, halafu papo hapo akalipapasa dashibodi, kama mtu aliyempiga mtoto kofi kisha akajuta.

Wakaanza kuteremka kwenda Mto Mara. Mteremko ule Nashoni aliupenda, kwa sababu chini lori lilipata nguvu ya kupandia upande wa pili. Lakini karibu na daraja walikuta kundi zima la mifugo limeziba njia, mbuzi na kondoo na ng'ombe, na wachungaji watatu hawana haraka hata kidogo. Nashoni akakanyaga breki mara tatu, kama lilivyotaka, na lori likasimama. Likatetemeka. Likazima.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa. Ng'ombe mmoja nyuma akalia.

Waitara alisema kwamba basi liwashwe. Nashoni akamweleza taratibu kwamba likizima injini ikiwa ya moto halisikii ufunguo, na likizima mteremkoni hewa inaingia kwenye dizeli, na hewa ile haitoki mpaka mtu apige pampu kwa mkono huku lori linatembea. Kazi hiyo alikuwa nayo utingo wake, lakini utingo alishahamia lori lingine. Jua lilikuwa linapanda. Huko Kenyamonta Mzee Hezekia alikuwa labda ameshavaa kofia.

Mteremko ulikuwa umebaki kidogo tu mbele yao, kisha daraja, kisha mlima.

"Waitara, unajua usukani?"

"Najua pikipiki."

Nashoni akamgeukia dada yake. Eunice alianza kutikisa kichwa kabla hajaulizwa. Hakuwahi kushika usukani wa kitu chochote. Mbele za watu hata sauti yake mwenyewe ilimpa shida.

"Umekaa hapo pembeni miaka mingapi?" kaka yake alimwambia. "Miguu yangu umeiangalia. Kanyaga klachi, gia ya kwanza nakuwekea mimi, nikipiga kelele achia. Halafu usikanyage kitu kingine. Nyoosha tu."

Wachungaji waliondoa mifugo yao, na kwa kuwa jambo lilikuwa limenoga, wakabaki kusukuma. Waitara akavua koti. Nashoni akafungua ubavu wa boneti, akapanda juu ya madigadi, mkono mmoja ameshika kioo, mwingine umezama kwenye pampu. Eunice alikaa kwenye kiti chenye shimo la miaka ya kaka yake, akakanyaga klachi kwa nguvu zote za miguu miwili, akaukamata usukani.

Jiwe la kuzuia likaondolewa kwenye tairi. Lori likalalamika, likajongea. Likajongea zaidi. Watu nyuma wakahesabu kwa Kikurya wakasukuma, ng'ombe wakapiga kwato, daraja likaanza kumjia Eunice likijaa kioo kizima.

"Achia!"

Akaachia. Lori likashtuka kama mnyama aliyechomwa mwiba, likakohoa, likakohoa tena, moshi mweusi ukafunika wachungaji, na likanguruma.

Akavuka Mto Mara akiwa dereva. Maji yalipita chini, hakuyaona. Aliona tu barabara, na mikononi alihisi kitu kinavuta, kizito, kisichokuwa na haraka, kama wale ng'ombe dume wa baba yake waliokuwa wakivuta jembe, ambao alikuwa akiwaongoza mbele kwa kamba alipoacha shule. Vilevile kabisa. Mlima ukaanza, na lori halikukata tamaa. Lilipanda polepole, kiasi kwamba Waitara aliweza kukimbia nyuma akihema, koti begani, kiatu kimoja mkononi, akalifikia, akarushiwa na Nashoni ile kamba ya mlango akavutwa ndani. Lingekuwa lori la mbio, angebaki upande wa Tarime.

Eunice akagundua anacheka. Alikuwa anacheka kwa sauti, machozi yanamtoka, na hakujali nani anamsikia.

Nashoni alikuja akasimama kwenye ngazi ya mlango wa dereva, uso mweusi kwa oili, akataka wabadilishane juu ya mlima. Eunice alisema wakisimama litazima. Hilo lilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu yote. Kaka yake akamtazama, akabaki pale pale amening'inia, akawa anambadilishia gia kupitia dirishani.

Mbele kidogo walilikuta lile lori jipya limesimama pembeni. Watu wanne walikuwa wanamshusha ng'ombe aliyeanguka kwenye kona na wenzake wakamkanyaga. Mguu wake ulining'inia vibaya. Eunice hakuweza kusimama, hivyo walipita mbele ya yale maumivu taratibu, wakaona yote. Waitara alitoa kichwa nje, akatazama mpaka kona ikamficha. Kisha akageuka akachungulia kidirisha cha nyuma, akaangalia ng'ombe wake saba. Wote walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa anacheua.

"Mwezi uliopita nilipoteza wawili hivyo," alisema, si kwa mtu fulani.

Wakaingia Kenyamonta na honi, kwa sababu Nashoni aliibonyeza na ikakataa kuacha kulia. Wazee walikuwa wameshakaa kwenye viti uani. Mzee Hezekia alikuwa amekwisha inuka, fimbo mkononi, amegeukia njia ya kwao, na Mokami, aliyekuja na shangazi zake, alikuwa amesimama kando na uso umefungwa kama mlango. Aliposikia ile honi uso ukafunguka. Halafu akaona nani yuko kwenye usukani, akapiga kigelegele cha kwanza.

Eunice alilifikisha mpaka kwenye kichuguu cha kushushia, na likazima lenyewe, kama lililomaliza kazi. Akateremka, akapiga goti akamsalimia mzee shikamoo. Mzee akaitikia akiwa anatazama ng'ombe. Waliposhushwa alimzunguka kila mmoja, akashika masikio, akapapasa mbavu na magoti. Akauliza wametoka wapi. Kerende, akaambiwa, asubuhi hii. Hakuamini.

"Ng'ombe wa kusafirishwa hufika kama walevi," alisema. "Hawa wamekuja kama wageni wa heshima. Waingie zizini."

Ndivyo Nashoni alivyopata mke. Vigelegele vikapanda, wanawake wakaanza kuimba, na katikati ya furaha ile Nashoni alikuwa amesimama na mgongo kwa lori lake, hataki kuligeukia. Waitara alikuwa anavaa kiatu.

"Haya, mwenye ng'ombe," alimwambia Eunice. "Sema tumalize. Unaliachia?"

Watu wakasogea karibu, maana jambo hilo walilijua. Eunice aliona macho yote juu yake. Akatazama chini. Akaona mikono yake imejaa oili.

"Siliachii," alisema. "Hili limekuja kwa ng'ombe zangu. Limenipeleka kujifungua, leo limemleta na mke mwenzake. Mke wa namna hiyo kwetu haachwi."

Nashoni aligeuka. Mzee Hezekia akatazama zizi haraka, kwa sababu kama lori haliendi, ng'ombe wale walikuwa bado wa Waitara, na kila mtu aliliona hilo kwa wakati mmoja. Eunice aliendelea kabla ujasiri haujamtoroka. Alimwambia Waitara kwamba ameona mwenyewe kwa macho yake kule konani. Malori ya mbio yanamfikishia nyama. Hili litamfikishia ng'ombe. Liwabebe ng'ombe wake kwenda minadani, wiki kwa wiki, mpaka atakaposema wale saba wamelipwa.

Waitara alifunga kamba za viatu muda mrefu. Alipoinuka alisema yeye alitaka vyuma, na leo amesukuma vyuma, amekimbizana na vyuma, na hajawahi kuona vyuma vyenye kiburi hivyo. Mke wa mtu hamchukui. Ng'ombe wabaki. Mnada wa kwanza ni Jumamosi, na wasithubutu kuchelewa.

"Tutachelewa," alisema Nashoni, na alikuwa analia. "Tutafika, lakini tutachelewa."

Mokami alikuwa ameingia jikoni, akatoka na ndoo ya maji kichwani. Watu walidhani ni ya wageni kunawa. Aliwapita wageni, akawapita wazee, akaenda mpaka mbele ya lori, akapiga goti.

"Shikamoo, mke mkubwa," alisema, akafungua rejeta akalinywesha, huku shangazi zake wakishikana mbavu kwa kicheko.

Chakula kilipokwisha, Nashoni akatangaza kwamba wageni watarudishwa kwao kwa heshima, wapande. Wakapanda wote na nyimbo zao. Akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Akashuka, akafungua ubavu wa boneti, akapanda juu ya madigadi, na Eunice, bila kuambiwa, akaingia kwenye kiti chenye shimo.

Mzee Hezekia alitazama huku na huko. Kisha akaiegemeza fimbo yake kwenye zizi, akakunja mikono ya shati, akaenda nyuma ya lori na wenzake.