Kioo cha Milimita Sita

Damu ya mama ikimwagika kwa sababu ya kazi ya mikono ya mwanawe, hata kama mwana hakukusudia, mwana huyo huwapelekea wajomba zake kondoo dume. Katika ukoo wetu hapa Kanyakine hakuna asiyeijua sheria hiyo. Kithaka aliijua tangu utotoni, ingawa alizaliwa Siakago, kwa watu wa baba yake. Mama yake, Marcella, ni dada yangu, naye ndiye aliyemfundisha.

Kithaka ni fundi wa milango na madirisha ya chuma. Mwaka jana macho ya mama yake yalianza kufifia. Nyuso za watu alikuwa hazitambui tena, lakini bado aliviona vitu vya rangi kali vilivyosogea karibu naye. Siku moja tulimpeleka kwa daktari wa macho mjini Meru, na katika chumba cha kungojea akaketi mbele ya tangi la samaki wa rangi ya machungwa. Zamu yake ilipofika hakutaka kuinuka. Kithaka akaahidi palepale kumtengenezea tangi lake mwenyewe. Nia ilikuwa njema. Nalisema hilo mapema ili isidhaniwe kuwa nimelisahau.

Nilifuatana naye hadi Makutano, kwenye duka la vioo la Ali. Kithaka alitaka tangi lenye urefu wa mita moja na kimo cha sentimita sabini na tano. Ali akamtolea kioo cha milimita kumi na mbili. Kithaka alikigonga kwa kucha, akauliza bei, akacheka.

"Hicho ni kioo cha benki, Ali. Samaki wangu si majambazi."

Alichagua cha milimita sita, kile anachokitia katika madirisha makubwa. Ali hakucheka. Alieleza kwa upole kwamba dirisha hupigwa na upepo, nao upepo hupita. Maji hayapiti, hukaa palepale yakisukuma mchana na usiku, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyosukuma kwa nguvu zaidi kule chini. Kwa hiyo unene wa kioo huchaguliwa kwa kutazama kwanza kimo cha maji, kisha urefu wa ubavu wa tangi, halafu huongezwa kidogo kwa ajili ya mambo ambayo mtu hakuyafikiria.

Kithaka alikuwa na jibu. Maji yangefika sentimita arobaini tu; sehemu ya juu ingebaki tupu ili paka wa jirani asiwafikie samaki. Ali alikubali kwamba kwa kimo hicho milimita sita zingetosha. Ndipo nilipomwambia mpwa wangu akikate kioo kwa kimo cha maji yake na kufunika tangi kwa wavu.

"Tangi fupi litaonekana kama karai, Mjomba," alisema. "Nitachora mstari mwekundu. Hakuna atakayeupita."

"Na siku ambayo hutakuwapo nyumbani?" Ali akamwuliza.

Kithaka alikuwa tayari anatoa pesa. Tulivifunga vioo kwa mablanketi, akaondoka navyo.

Siakago ni nchi kavu. Maji ya mfereji huko huja siku yanayotaka yenyewe, na yakija, hakuna mwenye nyumba anayekiacha chombo nusu. Marcella alizaliwa huku kwetu, ambako maji hupita kando ya shamba, lakini aliolewa akiwa msichana akajifunza kiu ya kule kwa mgongo wake, akibeba mtungi kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso. Kithaka amelelewa na mwanamke huyo. Amemwona akipanga hata vikombe vya chai chini ya mfereji. Pamoja na hayo yote, alimjengea chombo kirefu chenye nafasi tupu juu, akachora mstari mwekundu, akaamini kwamba mama yake hataupita, ataiacha nafasi hiyo ikae bure.

Mvua za Oktoba zilikosa. Januari nilikwenda kumwona dada yangu, nikafika alasiri. Alikuwa ameketi kando ya tangi, miguu yake ikigusa meza ya chuma iliyolibeba, akiambua kunde katika ungo. Samaki walikuwa wakipita nyuma ya bega lake. Ilinichukua muda mfupi kutambua ni nini kilichokuwa kimebadilika: walikuwa wakiogelea juu sana. Mstari mwekundu ulikuwa chini yao, na maji yalikaribia ukingo.

"Yalikuja asubuhi," Marcella alisema kwa fahari. Alikuwa amejaza mapipa, mitungi, sufuria zote na beseni la kuogea. Kisha, maji yakiwa bado yanatoka, akauvuta mpira hadi sebuleni.

Niliulaza mkongojo wangu, ambao umenyooka, juu ya kioo cha mbele. Uligusa katikati tu, kwa maana kioo kilikuwa kimebenuka. Kwenye ncha zake zote mbili mwanga ulipita. Nikainama. Katika pembe ya chini gundi ilikuwa imegeuka nyeupe kama utando wa maziwa yaliyochemka, na tone moja la maji lilikuwa likining'inia hapo bila kudondoka.

Nilimwamuru aondoke kitini.

"Nitaondoka nikimaliza ungo huu, kaka. Umeingia sasa hivi na tayari unanisukuma kama ng'ombe wa baba."

Nilimwita Kithaka kutoka karakana yake nyuma ya nyumba. Alikuja na miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya kichwa. Alikitazama kioo, akakiwekea kiganja, akakiondoa upesi. Uso wake ukabadilika. Akazunguka nyumba akitafuta chombo cha kuyachotea maji, na kila chombo alichokiinulia kifuniko kilikuwa kimejaa. Nikamwambia alipindue pipa moja uani. Akalishika pipa.

"Maji yasimwagwe," mama yake akasema kutoka ndani.

Kithaka alisimama. Kisha akaliachia pipa, akakimbilia hori la mbuzi upande wa pili wa boma.

Niliingia nikamshika Marcella mkono ili nimwinue kwa nguvu. Alikuwa ameinuka nusu, ungo ukiwa kifuani, niliposikia mlio mkavu, mmoja, kama mfupa unaovunjwa. Maji yalitupiga sote wawili magotini. Mimi niliegemea ukuta. Yeye alianguka mahali pale vioo vilipoanguka, na kunde zikaelea juu ya maji yaliyokuwa yakigeuka mekundu.

Kithaka aliufunga mguu wa mama yake kwa shati lake mwenyewe, akambeba hadi garini. Hospitalini walimshona kwa muda mrefu. Mshipa wa nyuma ya kisigino waliuunganisha. Hisia za wayo, walituambia, hazitarudi. Mwanamke asiyeona vizuri sasa hajui pia anapokanyaga.

Alipoweza kuketi, Marcella alitetea jambo moja tu mbele yangu.

"Maji niliyajaza mimi. Kama kuna kondoo wa kutolewa, nimtoe mimi."

"Wewe ulijaza kama anavyojaza kila mtu wa Siakago," nilimjibu. "Aliyejenga chombo kirefu kuliko nguvu za kioo chake ni huyu mwanao, naye alijua kinaingia nyumba ya nani."

Kithaka hakumwacha mama yake aendelee. Alisema atalipa.

Alifika Kanyakine Jumamosi, akiwa na kondoo dume mweusi asiye na kovu. Hakuvuka lango. Anayelipia damu ya mama yake hasogei motoni na haonji nyama. Mimi na ndugu yangu Kobia tulimchinja kondoo, tukamchoma, tukamla bila chumvi na bila mazungumzo, na mpwa wetu akasimama nje juani mpaka mfupa wa mwisho ulipotiwa motoni. Ndipo nilipomfungulia na kumkabidhi ngozi, kwa maana ngozi ni ya mama.

Ilipokauka nilikwenda naye hadi Siakago. Aliitandika mbele ya kiti cha Marcella, akapiga magoti, akauinua mguu wa mama yake kwa mikono miwili. Nikatamka kwamba ukoo wetu haumdai tena.

Marcella aliuliza kama mguu tayari umewekwa juu ya ngozi.

"Umewekwa, mama," Kithaka akasema.