Firigisi ya Mshtakiwa

Siku kuku walipochinjwa kwa Mzee Lusweti, ghorofa ya chini ya jengo lao pale mtaani Mowlem, harufu ya mafuta ilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Ayuma, aliyekuwa akichuja uji wa binti yake, aliufunga mlango kwa kisigino. Si kwamba hakupenda kuku. Alijua ni mkwewe aliyewanunua.

Binti yake, Annah, alikuwa amefungwa taya kwa nyaya. Mumewe, Opicho, alimpiga kwa kigoda Jumapili moja, wametoka tu kanisani, eti chai haikuwa na sukari. Daktari aliyafunga meno ya juu na ya chini pamoja, akaonya asitafune kitu mpaka mfupa ushike. Tangu hapo Annah alikaa kwa mama yake, akinywa uji kwa mrija, na maneno yake yalitoka yamebanwa kama ya mtu anayeongea nyuma ya mlango.

Opicho alishtakiwa, akaachiliwa kwa dhamana. Kisha hakimu, mama mwenye sauti ya upole, akawaeleza kwamba siku hizi sheria inawaruhusu watu wa nyumba moja kwenda kwa wazee wa mtaa. Wakipatana kwa hiari, kesi inafungwa. Ayuma alimshukuru Mungu kwa hilo. Haki inayokuja hadi mlangoni, bila wakili wala Kiingereza, nani angeikataa?

Aliposhuka na Annah kwa Mzee Lusweti jioni ile, aliikuta haki yenyewe imekaa kwenye kochi, imevua viatu.

Mzee Lusweti, mwenyekiti wa wazee, alikuwa wa ukoo mmoja na Opicho. Kando yake alikaa Mzee Maina, ambaye macho yake hayakubanduka kwenye mlango wa jikoni. Wakamwuliza Opicho ilikuwaje, akasema alipandwa na hasira. Wakatikisa vichwa, wakasema vijana wana damu moto. Wakamwuliza Ayuma alimfundisha nini bintiye kuhusu chai ya mume. Annah hakuulizwa kitu. Aliambiwa tu atume mtu juu akalete begi lake, kwa kuwa baada ya chakula angerudi kwake na mumewe. Annah hakutikisika, wala begi halikuletwa.

Sahani zikaja. Kwao magharibi mwa Kenya, ukila na mgomvi wako, ugomvi umezikwa na hakuna wa kuufukua. Ayuma aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Aliijua pia nyingine, kwamba mama mkwe hali mbele ya mkwewe, akawakumbusha kwa heshima. Mzee Lusweti akacheka, akasema hayo ni ya kijijini, hapa ni Nairobi. Ayuma akasogea mezani. Kumbe desturi iliyomkinga yeye ilibaki kijijini, na ile ya kuwashibisha wao ndiyo iliyopanda basi kuja mjini.

Mzee Lusweti akaomba sala ndefu, akamtaja Yesu mara nyingi kuliko alivyomtaja Annah. Kisha mzee akachovya vidole kwenye bakuli, akaitafuta firigisi, ile nyama ya mwanamume anayeheshimiwa, akaiweka kwenye sahani ya Opicho. Opicho akaitafuna polepole, midomo ikimng'aa kwa mafuta. Huku ng'ambo ya meza, mkewe alimeza mate nyuma ya nyaya.

"Annah hawezi kula," Ayuma akasema.

"Basi utamlia wewe," akajibu Mzee Lusweti. "Mdomo wa mama ni mdomo wa mtoto."

"Kula, mathe," Opicho akamwambia mama mkwe wake. "Kuku hana kesi."

Mzee Maina akacheka mpaka akapaliwa.

Ayuma alishika bawa. Lilikuwa la moto, na mafuta yalimtiririka hadi kifundo cha mkono. Kwa majuma mengi alikuwa amepiga magoti akiomba moyo wa kusamehe, na sasa akadhani labda jibu ndilo hili, chungu hivi hivi. Akaomba kimoyomoyo: Bwana, ulisema tusamehe. Je, ulisema pia tumeze?

"Usile, Mama," Annah akasema nyuma ya meno yake.

Ayuma akarudisha bawa sahanini. Akavuta beseni, akanawa mikono mbele ya wazee waliokuwa bado wanatafuna, akamshika bintiye mkono wakapanda ngazi.

Siku ya kurudi mahakamani, Mzee Lusweti alisimama wima katika koti lake la kanisani, akamweleza hakimu kwamba watu hawa wamepatana. Walikaa meza moja, wakala kuku. Mama mtu mwenyewe alinawa mikono baada ya chakula, mbele ya mashahidi. Aliyasema hayo bila kupepesa jicho.

"Annah, ni kweli ulikula nao?" hakimu akauliza.

Annah alisogea mbele mpaka karibu na meza ya karani, akaufunua mdomo wake wa juu kwa vidole viwili. Nyaya zikaonekana, na ufizi uliovimba kuzizunguka.

Hakimu aliinuka kidogo kitini, akazitazama. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Mzee, alikula na nini?"

Hakimu akaandika kwamba hakuna mapatano, akapanga siku ya kusikiliza kesi, na kuwaambia Annah na mama yake wajitayarishe kutoa ushahidi.

Nje kwenye baraza, Mzee Lusweti aliwapita akinung'unika kwamba wanawake wengine hawana hata shukrani ya sahani. Ayuma alitamani kutema mate. Akajizuia, akampangusia Annah benchi, akatoa kwenye mkoba chupa ya uji na mrija.

Opicho alikuwa amesimama hapo karibu, akiwangoja wazee wake. Annah alimkazia macho, akavuta uji kwa kelele, hakuacha mpaka chupa ikabaki na hewa tu.