Betri za Mama Kipenga

Seremala hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Meza zake hazichezi, milango yake haigomi, na mbao akikukatia hakupunji. Lakini wivu, jamani, alikuwa nao wa kugawia mtaa mzima na ukabaki. Na mwaka huo wivu wake ulimpata mtu asiye na sura wala miguu. Alikuwa sauti tu, ndani ya redio.

Redio yenyewe ilikuwa ndogo, ya kushika mkononi, yenye antena ya kuvuta. Kamati ya maafa ya mtaa ilimkabidhi mkewe, fundi cherehani, baada ya mafuriko yaliyopita kuwakuta watu wa bondeni wanapika. Kazi yake ilikuwa moja: asikilize. Huko juu mtoni kuna bwawa. Likijaa hufunguliwa, na likifunguliwa maji hushuka bondeni hata kama huku jua linachoma. Umeme unaweza kukatika, simu zinaweza kugoma, lakini redio ya betri inaendelea kusema. Mtangazaji akitangaza, fundi cherehani apulize kipenga, na watu wa bondeni wapande shuleni. Na wameambiwa wasitoke kwa neno la mtu mwingine yeyote, maana mwaka juzi wezi walipiga kelele za maji, watu wakakimbia, wezi wakazoa masufuria na magodoro. Kwa hiyo ni kipenga tu. Jina la yule mama likapotea kabisa, kila mtu akamwita Mama Kipenga.

Mpaka hapo seremala alikuwa akitamba naye barabarani. Balaa lilianza na Alhamisi. Kila Alhamisi mchana mtangazaji aliwaita walinzi wa mto, yaani wenye redio kama ya mkewe, mmoja mmoja, ajue kama wanamsikia. "Mama Kipenga, upo?" Sauti nzito, tulivu, ya mtu aliyeshiba. Naye Mama Kipenga huacha cherehani, hushika simu, hutuma ujumbe. Siku moja seremala akachungulia. Ujumbe ulisema: Nimekupata vizuri sana.

Hilo ni neno la redio. Ukimsikia mwenzio hewani unamwambia nimekupata, basi, ndivyo kamati ilivyowafundisha. Lakini nenda kamweleze mwenye wivu.

"Umempata nani?" aliuliza.

"Mtangazaji."

"Vizuri sana?"

"Leo hakukuwa na mikwaruzo."

"Na mimi ulinipata lini mara ya mwisho?"

Mkewe alicheka mpaka akajichoma sindano. Alidhani ni utani, maskini. Kumbe mwenzake ndiyo kwanza anaanza. Tangu siku hiyo seremala alikuwa mpelelezi ndani ya nyumba yake. Mkewe akichana nywele Alhamisi, anaona. Akiongeza sauti ya redio, anaona. Akipunguza, anaona zaidi. Wivu ni kidonda, wenyewe wamesema, ukishiriki utakonda, na suruali zake zilishaanza kudai mkanda.

Ikaja Alhamisi moja, anga safi, hata wingu la kusingizia hakuna. Asubuhi mkewe alipokwenda bombani, seremala akafungua redio, akatoa betri nzima, akatia zile zilizokufa za tochi. Za akiba, zilizokuwa kwenye kopo la maziwa, akazikomba pia. Zote zikaingia mfuko wa ovaroli. Hakutaka mtu adhurike, hilo tumpe. Alitaka mkewe aitwe mara moja asiitike, kamati imwone mzembe, redio ipewe mwingine, na ile sauti itoke nyumbani mwake. Mvua yenyewe iko wapi? Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea, ila huyu mama kilichomla kilikuwa katika nguo za mumewe.

Mchana akaingia kwa kinyozi, jirani wa karakana yake. Hakwenda kunyoa. Alikwenda kusikiliza mkewe akiitwa bila kuitika, afurahi. Sikia roho hiyo. Umeme haukuwapo na simu zilikuwa hazishiki tangu asubuhi, mnara una matatizo, watu walisema. Kinyozi alikuwa ananyoa kwa mkasi, redio yake ya betri ikipiga muziki juu ya rafu.

Muziki ukakatwa.

"Walinzi wa mto, hili si zoezi," mtangazaji alisema. "Mvua kubwa imenyesha milimani. Bwawa linafunguliwa sasa hivi. Najua huko simu hazishiki, sihitaji jibu. Mama Kipenga, bonde lako ndilo la kwanza. Puliza. Tafadhali, Mama Kipenga, kama unanisikia, puliza."

Ile sauti ya mtu aliyeshiba ilikuwa inatetemeka. Na unajua seremala aliwaza nini kwanza? Aliwaza: mbona inatetemeka? Mwanamume hatetemeki sauti bure kwa ajili ya mke wa mwenzie. Ndivyo alivyowaza, na mama yake mzazi anakaa bondeni, nyumba ya mwisho kabla ya mto. Hilo la mama lilikuja la pili. Lilipokuja, miguu ilishatoka nje.

Alimkuta mama yake kibarazani anachambua mchele.

"Mama, toka. Maji yanakuja."

"Nani kasema?"

"Redio."

"Mbona kipenga hakijalia?"

"Achana na kipenga, mama, twende."

Mama akapepeta ungo wake. "Mwaka juzi nilikimbilia kelele, nikarudi sina godoro. Kungekuwa na maji, mkamwana wangu angeshapuliza. Yule halali."

Majirani walichungulia. Mmoja akamuuliza kama siku hizi wamebadilishana kazi, mkewe anaranda mbao. Wakacheka, na mama yake naye. Seremala angeweza kumbeba mama yake begani, lakini bonde zima lilikuwa limekaa vile vile, limetulia, linasubiri kipenga. Akageuka, akapanda mlima mbio, jasho linamwingia machoni.

Mkewe alikuwa dirishani. Alikuwa ameanika betri juani, anazigeuza moja moja zipate joto, kama tunavyofanya wote zikichoka. Uso ulikuwa umemsinyaa.

"Zimekufa ghafla," alisema. "Na za akiba sizioni. Hujaziona?"

"Bwawa linafunguliwa. Nimesikia kwa kinyozi."

Hakuuliza la pili. Kipenga kilikuwa shingoni, akatoka nacho bila viatu. Seremala akamfuata, na kwa kila hatua zile betri mfukoni zikawa zinagongana, ko, ko, ko. Hakuna kingine duniani kinacholia hivyo. Mkewe aligeuka mara moja tu. Alitazama mfuko, akamtazama usoni, kisha akatia kipenga mdomoni.

Kilipolia, bonde lilisimama kama mtu mmoja. Mama wa seremala alikuwa wa kwanza kutoka, na ungo wake wa mchele kichwani. Wakatoka wenye watoto mgongoni, wakatoka wagonjwa wakishikiliwa, na Mama Kipenga alizidi kushuka huku wenzake wanapanda, anapuliza mlango kwa mlango. Wa mwisho walianza kupanda maji yakiwa magotini. Nyuma yao mto ulibeba kuku, ukuta wa jikoni, na kitanda ambacho seremala alimtengenezea mama yake. Mtu haukubeba hata mmoja.

Jioni wote walikuwa darasani, wamejaa mpaka madirishani, mtandao ukarudi. Simu ya Mama Kipenga ikaita. Alikuwa mtangazaji mwenyewe, na kwa kuwa kila mtu alitaka kumsikia, Mama Kipenga aliweka sauti ya nje.

"Mama Kipenga, uko salama?"

"Niko salama. Watu wote wako hapa."

"Nilikuita sana leo. Ulinisikia?"

Seremala alikuwa mlangoni, mkono mfukoni, amezikamata betri zote zisigongane. Alimtazama mkewe, mkewe akatazama simu.

"Betri ziliisha," alisema. "Mume wangu ndiye aliyesikia tangazo, akakimbia kuja kuniambia."

"Basi huyo ni mume," sauti ilisema. "Bwana, kama upo hapo, asante sana. Nitakutaja redioni kesho. Umeokoa watu."

Seremala angetoa chochote yule mtu awe mhuni. Angetoa hata karakana. Badala yake alikuwa mtu mwema aliyeogopea watu, na alimshukuru mbele ya mtaa mzima, na mkewe alikuwa amemdanganya mtu huyo ili kumsitiri yeye. Makofi yakapigwa. Kinyozi alimpiga mgongoni. Mama yake akasukumana na watu mpaka akamfikia, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nami nilikucheka," alisema. "Nisamehe. Mungu akupe, akuzidishie. Watoto wako wakutendee kama ulivyonitendea mimi leo."

Mkono wa seremala ulizidi kuzibana betri mfukoni. Mkewe alikuwa ameinama hapo karibu, anamtandikia mtoto wa watu kipande cha kitambaa alale. Hakuinua uso.

"Sema amina," alimwambia taratibu. "Mama yako anakuombea."