Kofia Zilizosoma

Nchi ya Mshazari iko bondeni, kati ya milima miwili ya mawe mekundu na uwanda wa chumvi usioota hata jani, na ukiitazama kutoka juu, hata kama hujui lolote la ujenzi, utahisi shingo yako inaanza kuinama yenyewe, kwa sababu hakuna jengo katika nchi ile lililosimama wima. Nyumba zimeegemea nyumba, minara imeegemea minara, na shule imeegemezwa kwa magogo ambayo nayo yameegemezwa kwenye ukuta wa gereza. Wenyeji wamezoea. Watoto wao hujifunza kutembea wakiwa wamelalia upande mmoja, na mgeni anayepita akiwa amenyooka huulizwa kwa huruma kama anaumwa mgongo.

Watawala wa Mshazari hawaitwi wafalme wala mawaziri. Mkubwa wao huitwa Nguzo Kuu, na wanaomzunguka huitwa Maboriti, maana walikubaliana wao kwa wao kwamba wasingekuwepo, nchi ingewaporomokea raia vichwani. Wakati wa kisa hiki Nguzo Kuu alikuwa Mbarango, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kofia yake ndefu ya mahameli, na ambaye shemeji zake ndio waliojenga kila kilichojengwa.

Kulikuwa na wakaguzi wa majengo arobaini. Kila mmoja alipewa kofia ya kijani na timazi, yaani kile kipande cha risasi kilichofungwa uzi, ambacho ukikining'iniza kando ya ukuta hukuambia bila kuogopa mtu kama ukuta umesimama au umeegama. Jengo halikufunguliwa bila sahihi ya mkaguzi. Na sheria ilisema, tena ilisema vizuri, kwamba elimu ya mkaguzi huchakaa kama panga, basi kila mwaka sharti akae saa ishirini na nne katika Ukumbi wa Nyongeza ya Elimu, afundishwe yale ambayo mwaka jana hakuyajua. Asiyetimiza saa zake hunyang'anywa timazi.

Sasa sikieni walichoifanyia sheria hiyo. Zamani mkaguzi mmoja aliugua tumbo katikati ya somo, akaiacha kofia yake kitini ili nafasi yake isichukuliwe, akaenda zake. Karani wa mahudhurio, kwa kumwonea huruma mgonjwa, akaihesabu kofia. Mwaka uliofuata waliugua tumbo wanane. Baada ya miaka kumi hakuna aliyejisumbua tena hata kuugua: asubuhi ya somo mjumbe alipita majumbani na kikapu, akazikusanya kofia, akazipanga vitini, na karani akazihesabu kwa kidole moja baada ya moja. Mwisho wa mwaka kila kofia ilitunukiwa cheti. Nimezunguka nchi nyingi na nimesikia mengi, lakini hili lilinikausha mate mdomoni.

Tena mngedhani mwalimu naye alikuwa kofia. La. Alikuwa Mwalimu Tuwano, fundi mwashi wa miaka hamsini kazini, aliyekuja kila mwaka na madaftari yake, akaandika ubaoni, akaeleza, akauliza maswali, akasubiri kidogo kwa adabu, kisha akajijibu mwenyewe.

Mwaka huo aliajiriwa mkaguzi mpya, Bi Sikudhani, binti wa Mama Hadia, muuza maharage wa pale sokoni. Hakuna aliyemweleza desturi, kwa kuwa kila mtu alidhani ameshaelezwa. Basi siku ya somo akaja yeye mwenyewe, kofia kichwani, akaketi katikati ya kofia thelathini na tisa. Mwalimu Tuwano alipogeuka kutoka ubaoni chaki ilimponyoka. Alimsogelea, akamtazama kwa muda mrefu.

"Wewe ni mtu?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Basi mwaka huu nitasema polepole."

Katika saa ya kumi na saba kati ya zile ishirini na nne Mwalimu alieleza habari za mchanga. Alisema mchanga unaochotwa uwanda wa chumvi hula nondo ndani ya zege kimyakimya, na kwa macho huoni kitu. Nguzo itapakwa rangi, itang'aa, timazi litaisifu, na ndani chuma kinaoza. Namna ya kuujua ni kukwangua zege na kuonja. Sikudhani aliacha kuandika, kwani miezi miwili nyuma, kwa kutojua, alikuwa ameziidhinisha kwa sahihi yake nguzo za Soko la Ghorofa, jengo jipya la shemeji za Nguzo Kuu, ambamo akina mama wote wa sokoni, mamake akiwemo, wangehamishiwa siku ya ufunguzi.

Saa zilipotimia hakwenda nyumbani. Alikwenda sokoni, akakwangua nguzo ya kwanza kwa kisu, akalamba. Akalamba ya pili. Kufika ya tano ulimi ulikuwa unamwasha, naye akainua macho kuitazama sahihi yake mwenyewe iliyochorwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango.

Sheria ilimruhusu mkaguzi kuifuta sahihi yake kabla ya ufunguzi, ilimradi saa zake za elimu zimetimia. Akakimbilia kwa Karani Mtengwa, mtunza daftari la mahudhurio, mtu mwaminifu ambaye hajawahi kuandika uongo. Karani akafungua daftari, akapitisha kidole, akatikisa kichwa.

"Saa zako ni sifuri, Bi Sikudhani."

"Nimekaa zote ishirini na nne. Ulikuwa mlangoni ukiniona."

"Wewe nilikuona. Kofia yako sikuiona kitini."

"Ilikuwa kichwani kwangu."

"Ndilo kosa lenyewe, dada yangu," Karani akasema kwa masikitiko ya kweli.

Timazi lake likachukuliwa pale pale. Na sahihi yake? Hiyo iliachwa, kwa hoja kwamba alipoiweka alikuwa bado na haki ya kuweka, ila haki ya kuifuta ndiyo hakuwa nayo. Akapeleka malalamiko kwa Nguzo Kuu, ambaye alimsikiliza kwa upole, akamwambia kwamba wakaguzi thelathini na tisa waliosoma hawajaleta neno lolote juu ya chumvi, na kwamba yeye mmoja asiyesoma asiwatie watu hofu. Kisha, kwa kupenda vitu vizuri, akaagiza timazi lile lipakwe dhahabu na kutundikwa darini katika ghorofa ya juu ya soko, liwe pambo nyuma ya jukwaa lake.

Ikatoka amri: siku ya ufunguzi kila mtu wa sokoni ahudhurie hotuba katika ghorofa ya juu, na atakayekosa atapoteza kizimba chake cha biashara. Walikuwa watu mia nane. Sikudhani alimweleza mamake yote, hata kosa lake la kwanza, akilia bila kujificha. Mama Hadia hakumlaumu wala hakumbembeleza. Aliendelea kuchambua maharage yake, akauliza vipi hasa wakaguzi wenzake walihudhuria. Alipoelezwa, mikono ikasimama.

"Kofia inayoweza kusoma," akasema, "haishindwi kusikiliza hotuba."

Neno hilo likapita kizimba hadi kizimba. Asubuhi ya ufunguzi wachukuzi walipanda ngazi na vikapu, wakapanga vitini kofia na barakoshia, vilemba na mitandio, mia nane kwa hesabu kamili, na mbele kabisa safu ya kofia za kijani za wakaguzi, zilizozoea. Wachukuzi wakashuka. Karani Mtengwa alihesabu, akaridhika, akafunga mlango. Maboriti walinong'onezana, lakini wangekataa kwa sheria gani? Wangezikataa hizi, wangezikataa na zile za kijani, na vyeti vyote thelathini na tisa vingekufa pamoja nazo. Wao wenyewe, kwa kuwa viti vyao vilikuwa jukwaani ambako kuonekana ndiko heshima, walikuja na miili yao.

Chini, ng'ambo ya barabara, watu mia nane walisimama vichwa wazi, wakisikiliza kupitia madirisha. Nguzo Kuu aliongea kuhusu uimara. Aliongea kwa muda mrefu, na ilipofika mahali pa makofi palikuwa kimya, ndipo akasikia nyuma yake mkwaruzo mdogo. Akageuka. Timazi la dhahabu, ambalo alipoanza hotuba lilikuwa limening'inia kiganja kimoja kutoka ukutani, sasa lilikuwa mbali na ukuta mikono miwili. Halikuyumba. Lilitulia kabisa katika uzi wake, na ukuta ndio uliokuwa unaondoka.

Vumbi la zege likaanza kudondoka juu ya vilemba. Maboriti waliufikia mlango kwa pamoja, lakini fremu ilikuwa imepinda na mlango umeng'ata.

"Nataka mkaguzi," Nguzo Kuu akasema, na sauti yake ya upole ilikuwa imekauka. "Yeyote. Atuambie tukimbilie wapi."

Karani Mtengwa akatazama daftari lake kwa uaminifu uleule. "Wakaguzi wamo wote, Mtukufu. Thelathini na tisa. Safu ya mbele."

Nguzo Kuu akakimbilia dirishani. Katika vichwa mia nane vilivyokuwa wazi alikitambua kimoja, akakiita kwa jina lake kamili, mbele ya watu wote. Sikudhani tayari alikuwa ameokota mtaimbo wa mafundi na anaelekea mlango wa soko. Mamake alimkamata mkono, na mkono ule wa kuchambua maharage ulikuwa na nguvu.

"Timazi walikunyang'anya," Mama Hadia akasema. "Unawaendea nini?"

"Timazi walichukua, mama. Sahihi waliniachia."

Akajichomoa, akaingia.

Yaliyofuata wenyeji wa Mshazari wanayasimulia kila mtu kivyake, na mimi sikuwepo ndani. Wapo wanaosema mlango ulifunguka kwa mtaimbo wa Sikudhani na watu wakatoka weupe kwa vumbi, wasiweze kutambulikana nani Boriti na nani karani. Wapo wanaosema haukufunguka. Linalokubaliwa na wote ni kwamba kabla vumbi halijaziba madirisha, walimwona Nguzo Kuu akivua kofia yake ya mahameli kwa mara ya kwanza, akaiweka taratibu kwenye kiti chake jukwaani, kama mtu anayeweka nafasi, kisha akageuka kuelekea mlangoni.

Daftari la mahudhurio liliokotwa siku ya tatu chini ya kifusi cha soko, likiwa zima. Linaonyesha kwamba siku ile Nguzo Kuu alihudhuria mpaka mwisho.