Spika ya Apua na Ngozi Yangu ya Mbuzi

Niseme mapema, kabla watu wa Kakuma hawajakuambia kwa njia yao: ngozi ilikuwa yangu. Niliilainisha mwenyewe kwa mafuta ya kondoo siku nne, nikaikata, nikaishona kwa uzi wa nailoni, nikaizungushia shanga nyekundu na nyeupe. Mbuzi pia alikuwa wangu, na nyama yake ilikuwa ngumu. Kwa hiyo kama kuna wa kulaumiwa ni mimi au ni huyo mbuzi, na mbuzi hayupo.

Apua ni mke wa mwanangu Ereng. Hapa Lodwar anajulikana kwa sababu anapiga gitaa la besi kanisani, lile lenye nyuzi nne nene, na wanawake wanaopiga besi mjini kwetu utawahesabu kwa kidole kimoja. Mwaka jana alinunua spika yake mwenyewe, ile wanayoiita amplifaya. Ukubwa wake ni kama jerikeni ya lita ishirini, na ina mpini juu wa kubebea. Ilipotolewa kwenye boksi nilimuuliza, "Hii ni ya mtoto. Mama yake anakuja lini?" Apua akatafuta soketi. Aliichomeka kwenye umeme, akagusa uzi mmoja, na vikombe vyangu vikatembea mezani. Nikanyamaza, jambo ambalo Ereng bado analisimulia.

Sasa vumbi la Lodwar unalijua. Linaingia kwenye sufuria iliyofunikwa. Nadhani hata kwenye yai linaingia. Niliionea huruma ile spika, nikaishonea nguo. Nguo kamili, mbele, nyuma na ubavuni, imeibana kama soksi. Juu niliacha matundu ya mpini, ya waya na ya vile vitufe vya kuzungusha. Nilipompa, Apua aliipokea kwa mikono miwili, akaivisha spika yake mbele yangu, akasema asante mara tatu. Hakuivua tena. Kwetu, kitu alichokushonea mama mkwe, ukakivaa mbele ya macho yake, hukivui mpaka yeye aseme. Na mimi sikusema, kwa sababu ilikuwa imependeza.

Kanisani hakuna aliyeona shida. Pale spika inakaa kwenye kona, sakafu ni ya saruji, kuta mbili ziko nyuma yake, na kona inajua kuikuza sauti ya chini. Tena kwaya yetu ina wanawake ishirini wanaoamini Mungu anakaa mbali sana. Besi ingeweza kuwa imelala na tusijue.

Ndipo Ruot akapiga simu kutoka Kakuma. Ruot ni mtu wa Sudan Kusini, anapiga kinanda, na ana bendi inayozunguka kwenye harusi za kambi ya wakimbizi, za mjini na hata Lokichoggio. Mpiga besi wake alikuwa amepata safari ya kuhamia Kanada, na bendi ikabaki inaruka kwa mguu mmoja. Alikuwa amesikia habari za Apua.

"Njoo Alhamisi mchana," akamwambia. "Njoo na spika yako. Mimi nitasimama kwenye geti. Nikikusikia kutoka pale, Jumamosi unapiga harusi na sisi, na kila wiki baada ya hapo. Nisipokusikia, kuna mtu wa Kalobeyei anaitwa Jok. Spika yake ni kama kabati."

Apua alipokata simu aliketi juu ya rundo la kuni bila kuangalia anakalia nini. "Mama," akasema, "miaka sita nangojea bendi ya kweli." Jioni ile aliweka chumvi mara mbili kwenye maharagwe. Tulikula kama watu waliopewa adhabu.

Alhamisi tulipanda lori la maji la Ereng. Mimi sikuwa nimealikwa. Nilipanda wa kwanza, nikakaa katikati, nikaipakata spika ndani ya nguo yake, na Ereng akawasha injini.

Bendi ya Ruot inafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa udongo wenye paa la mabati na mchanga mtupu chini. Ua wake ni wa miiba, na geti liko mbali kidogo, hatua kama sitini. Ruot mwenyewe ni mrefu hivi kwamba nilisalimiana na mshipi wake. Mpiga gitaa lao, Anyang, kijana mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba, alinishika mkono.

"Shosho, karibu."

"Shosho ni bibi wa kule Nyeri," nikamwambia. "Mimi ni ata."

"Ata ni nini?"

"Ni shosho wa hapa."

Wakaanza. Ruot alimwachia mtu mwingine kinanda, akaenda zake hadi getini, akasimama. Ngoma zikalia, gitaa la Anyang likalia, na Apua akapiga. Niliona vidole vyake vinafanya kazi nzuri, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayekusimulia ugomvi wake akiwa amejifunika blanketi kichwani. Ruot akarudi anatikisa kichwa.

"Naona vidole, dada yangu. Sisikii kitu."

Anyang akazungusha kitufe cha besi mpaka mwisho. Ruot akaenda getini, akarudi. Anyang akazungusha cha volyumu mpaka mwisho. Ruot akaenda, akarudi, na sasa shati lilikuwa limemshika mgongoni. Mara hii alisimama mbele ya spika, akaitazama ngozi muda mrefu. Halafu akanitazama mimi. Nikamchekea vizuri. Akatazama mabati.

"Hii nguo," akasema polepole, "ni nzuri sana."

"Nimeshona mwenyewe."

"Inaonekana, mama."

"Hata shanga nimezitunga mwenyewe."

"Pia zinaonekana."

Anyang akasema labda waya ni mbovu. Wakabadilisha waya. Akasema labda nyuzi za gitaa zimezeeka. Akasema labda umeme wa sola umechoka kwa sababu ya jua kali, na hapo hata mimi niliyeishia darasa la tano nilimshangaa. Kila kitu ndani ya ukumbi kilishtakiwa isipokuwa ngozi. Apua alikuwa ameinama juu ya gitaa lake, jasho linadondoka kwenye mbao. Alikuwa anajua. Nilimuuliza baadaye, akakubali kwamba alijua tangu siku ya kwanza.

Ruot aliangalia saa. "Tunywe chai kwanza. Tutajaribu mara moja ya mwisho." Akashusha sauti, lakini masikio yangu bado ni ya ujana. "Jok nimemwambia afike saa kumi."

Ilikuwa saa nane na nusu. Niliuona uso wa Apua, nikatoka nje, maana ulikuwa hautazamiki.

Nje ya ua, mtu mmoja alikuwa anapitisha ngamia kuelekea laga, ule mto wetu ambao una maji wiki mbili na mchanga mwaka mzima. Tukasalimiana, ejok, ejok-noi. Jina lake Lomorukai. Ngamia wake wawili walikuwa wamevaa kengele za mbao, na nilikuwa nimezisikia tangu walipokuwa ng'ambo ya laga. Wa tatu alikuwa na kengele lakini haitoi sauti. Nikachungulia, nikaona imejazwa kipande cha ngozi.

"Huyu mbona umemziba?"

Lomorukai akatazama huku na huku. "Huyu, mama, anapenda mboga za watu. Kule Kalobeyei wamepanda sukuma wiki. Nikimwachia kengele ilie, wenye shamba wanamsikia kabla hajashiba."

Nilicheka mpaka nikashika ua, na miiba ikanichoma, nikaendelea kucheka. Nilirudi nikicheka hadi getini. Pale getini kicheko kikaniisha. Kipande cha ngozi. Ndani ya kengele. Ili isisikike.

Nilisimama hapo Ruot alipokuwa anasimama. "Nimekosea" ni neno moja tu, lakini halijawahi kupita katikati ya meno yangu, na meno yenyewe sasa yameachana sana, kwa hiyo sio kwamba nafasi haipo. Nilifikiria kulisema. Kwa kweli nilifikiria. Halafu nikaingia ndani nikiwa nimejishika kiuno.

"Mimi mgeni," nikasema, "na mnanisimamisha tangu mchana. Huu mchanga wenu unaunguza. Apua, nipe hiyo ngozi niikalie."

Anyang, ambaye Mungu alimpa vidole akasahau vitu vingine, alikimbia akaleta kiti. "Ata, kiti hiki hapa."

"Cha plastiki kinanipa gesi."

"Kuna hata benchi."

"Benchi ni la kungojea daktari. Apua."

Apua alinyanyua kichwa. "Mama, kweli?"

"Unataka nikuandikie barua?"

Sijawahi kuona mtu akichuna haraka namna ile, hata siku ya wageni wengi. Ngozi ilitoka yote kwa mvuto mmoja, na chini yake spika ilikuwa safi, inang'aa, hakuna hata chembe ya vumbi. Hilo nalitaja kwa sababu wengine hawakulitaja. Nikaitandika karibu na mlango, nikakaa.

Sasa walikuwa wamesahau kwamba Anyang alizungusha kila kitu mpaka mwisho. Apua akagusa uzi. Spika ikatoa mlio ambao kwa heshima nitasema ni wa tumbo la ng'ombe aliyekula mahindi mabichi. Udongo ukadondoka ukutani. Kuku aliyekuwa amelala nyuma ya ngoma alitoka kupitia dirishani. Sote tulicheka, hata Apua, lakini alipojaribu wimbo, noti zote zilitoka zimeshikana kama ugali, huwezi kujua hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi.

"Imeamka," akasema Anyang. "Tuongeze."

"Tupunguze," nikasema.

"Ata, besi ni kitu cha kuongeza."

"Wewe umeisikia kengele ya ngamia ikipita hapa?"

"Nimeisikia."

"Ni kubwa?"

"Ni ya mbao tu, kama hivi."

"Inanguruma?"

Anyang akafikiria. "Hapana. Inagonga."

Apua alikuwa ameacha kucheka. Alinitazama, kisha akapiga magoti mbele ya spika yake kama mtu aliyekumbuka kitu. "Anasema midi," akamwambia Anyang, na mimi nikaitikia kwa kichwa kana kwamba ndilo neno nililokuwa nimelitafuta. "Spika ndogo ukiilazimisha ya chini kabisa, inakosa pumzi. Inatapika."

Kutoka hapo hakumuuliza mtu. Besi aliishusha chini ya nusu. Midi, ile sauti ya katikati, akaipandisha. Trebo, ile ya juu, akaiongeza kidogo tu, ili kidole kikigusa uzi usikie kimegusa. Volyumu akairudisha nyuma mpaka ule mlio wa tumbo ukakoma. Kisha akaona mchanga. "Huu unakunywa sauti," akasema. Akageuza kreti ya soda, akaisukuma hadi ukutani, akaweka spika juu yake, na chini ya ukingo wa mbele akaingiza jiwe ili itazame masikio ya watu na sio magoti yao.

"Na wewe," akamwambia Anyang, "punguza gitaa. Umekaa mahali pangu."

Anyang alipunguza kama mtu anayekatwa kidole.

Ruot akaenda getini. Apua alisogeza mkono nyuma kidogo, karibu na pale nyuzi zinapofungwa, mahali zinapokuwa ngumu, akafumba macho, akaanza.

Sitakudanganya, haikutikisa vikombe. Ilitembea. Kila noti ilifika peke yake, ikakaa, ikampisha mwenzake. Ngoma ambazo zilikuwa zinagombana na kila mtu zikapata wa kufuata. Nilimtazama Ruot. Alisimama getini, akatoka nje ya geti, akavuka barabara hadi kwenye duka la ng'ambo, na mimi nikadhani anatukimbia. Kule dukani aligeuka. Miguu yake mirefu ilianza kuchezacheza peke yake, kila mmoja na mawazo yake, na mwenye duka akatoka na kijiko mkononi kuangalia muziki unatoka wapi.

Jok alifika wimbo wa tatu ukiwa katikati, kabati lake limefungwa kwenye pikipiki kwa kamba. Ni mtu wa makamo, mpole. Alisimama mlangoni karibu na ngozi yangu, akasikiliza, akauliza, "Spika kubwa mmeiweka wapi?"

Nikamwonyesha kreti ya soda. Alizunguka hadi nyuma yake, akachungulia, akagonga ukuta.

"Hakuna nyingine, Jok," akasema Ruot, aliyekuwa amerudi anahema. "Pole kwa safari. Kunywa chai. Jumamosi huyu dada ndiye anapiga."

Jok alikunywa chai vikombe viwili na kumuuliza Apua kuhusu midi mpaka jua likapoa.

Kwenye lori tuliiacha Kakuma nyuma. Kisha Apua akasema, akitazama barabara, "Mama, ile ngozi ilikuwa inaziba sauti."

"Mwaka mzima umekaa kimya?"

"Ningesemaje?"

"Kwa mdomo," nikasema. "Ndio ninaotumia mimi."

Akafikiria hilo kilomita kama mbili. "Basi na chai yako, mama, ina majani mengi. Inauma ulimi."

Ereng nusura atuingize mtaroni. Nami nilikaa hapo katikati, nimekosa jibu mara ya pili ndani ya mwaka mmoja.

Harusi ya Jumamosi ilikwenda vizuri, ikazaa nyingine, na hizo zikazaa nyingine. Sasa kila Ijumaa asubuhi Apua anachukua spika yake uchi, anapanda gari la kwenda Kakuma, na kuniachia mbuzi kumi na mmoja, kuku na Ereng. Kati ya hao wote ni Ereng anayeulizia chakula kabla ya saa sita. Nimemwambia ajifunze kupika, maana watu wa Kakuma hawaonyeshi dalili ya kuacha kuoana.